Risasi Nyepesi za Impi Heikkala

Tulivuka daraja la mto Ketola theluji ikiwa imeanza kushika barabarani, na Impi Heikkala hakupunguza mwendo. Sehemu kubwa ya maisha yake aliendesha mtambo wa wilaya wa kusukuma theluji. Hata leo, akiwa ndani ya pikapu yake ya bluu iliyooza milango, hukaa wima na kuitazama barabara kana kwamba ni kazi ambayo mtu mwingine ameilipua. Mimi nimeishi katika Rasi ya Juu ya Michigan miaka ya kutosha kujua kwamba tarehe kumi na tano Novemba shule hufungwa na makarani hawaonekani kazini, na kwamba hakuna anayeuliza wamekwenda wapi. Lakini upande huu wa mto sikuwahi kufika. Urho, mdogo wake Impi, ndiye aliyenialika kwenye kambi yao ya kuwinda kulungu, na Impi akaambiwa anipitie njiani.

"Unajua kupika uji wa watu wanne?" aliniuliza.

"Nitajaribu."

"Usijaribu. Au labda nitaupika mimi, kama kesho watanipeleka jikoni."

Alilitaja jiko kama watu wengine wanavyotaja hospitali. Kisha akanieleza, macho yakiwa barabarani. Kambi ya akina Heikkala ina sheria moja iliyowekwa na baba yao. Siku moja kabla ya msimu kufunguliwa, yaani tarehe kumi na nne, kila mwindaji hupiga risasi tatu kwenye sahani ya karatasi iliyotundikwa hatua mia moja mbele yake. Zikiingia zote, anakwenda msituni. Ikitoka hata moja, mwaka huo anabaki kambini akichochea moto na kukoroga uji, na mahali pake pa kuvizia hupewa mwingine.

Mahali pa Impi ni kibanda cha mbao juu ya kilima, mbele ya uwazi mrefu uliokatwa msituni ili nyaya za umeme zipite. Ni kiti bora kuliko vyote pale kambini, naye amekikalia tangu baba yake afariki. Majira ya kuchipua yaliyopita aliteleza kwenye barafu mbele ya kanisa na kuvunjika bega la kulia. Madaktari walilishikiza kwa skrubu. Bega la kulia ndilo analoegemezea bunduki.

"Kwa hiyo wanakimezea mate," alisema.

"Nani?"

"Kurt. Mtoto wa Urho. Ni mtu mzima, ana mvi nyingi kuliko baba yake, na miaka yote hii amekaa nyuma ya choo, mahali ambapo kulungu pekee anayepita ni aliyepotea. Si mtu mbaya. Lakini mate anayameza."

Tulisimama kijijini Harjula, kwenye duka la Verna Sundquist. Duka hilo linauza chochote ambacho mtu wa msituni anaweza kukisahau nyumbani: soksi, betri, chumvi, kamba, kahawa, leseni. Nyuma ya kaunta ukuta mzima umejaa maboksi ya risasi. Katika siku za mwisho kabla ya msimu watu husimama mbele ya ukuta huo kama watu walio mbele ya picha ya ukoo. Nimekaa katika nchi ambako watu hubishana hivyo juu ya mizeituni, na nyingine ambako hubishana juu ya ngamia. Hapa wanaume wanaokubaliana kuhusu dini na siasa hukosana juu ya ncha ya risasi: iwe kali au butu, iwe ya shaba tupu au ya madini ya risasi yaliyovishwa shaba, na je, iliyo nzito inapita kwenye vijiti vya msituni bila kupinda au hiyo ni hadithi ya mababu.

"Zile zangu," Impi alimwambia Verna.

Verna, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni, hakugeuka kuzichukua. "Bega linasemaje?"

"Halisemi. Lina skrubu, halina mdomo."

"Shoga, zile zako kichwa chake kina uzito wa punje mia na themanini. Zinaua kulungu mbele na mpigaji nyuma."

"Baba alitumia hizo."

"Baba yako alikuwa na mabega ya farasi, na alikufa kiziwi." Verna aliinama chini ya kaunta, akatoa boksi jingine. "Hizi kichwa chake ni punje mia na ishirini na tano, na baruti wameipunguza. Zinaingia bunduki yako ileile bila ubishi. Zinapiga teke kama la mbuzi."

"Za watoto hizo."

"Za watoto, na za wanawake wenye skrubu."

Waliokuwa mbele ya ukuta walicheka. Mmoja wao, Dell, jitu lenye ndevu zilizofika kifuani, akasema, "Chukua, Impi. Nasikia ndani wanaweka na peremende."

"Dell, nani alikuwa akikutoa mtaroni kila ukilewa barabara ikiganda?"

"Wewe."

"Basi nyamaza."

Wenzake Dell wakacheka zaidi.

"Kulungu hasomi maandishi ya boksi," Verna alisema, sasa kwa sauti ya chini.

Impi alichukua boksi lake la siku zote, akalipa, akaenda. Alipofika mlangoni akasimama. Akarudi, akachukua na lile jingine, akalilipia, akalitia mfuko wa ndani wa koti kama mtu anayeficha dawa ya ugonjwa asiotaka ujulikane.

Kesho yake mchana tulikwenda kwenye shimo la kokoto ambako kambi zote za sehemu ile hurekebisha bunduki zao. Ni bonde lililochimbwa na watengeneza barabara, lenye ukuta wa mchanga upande mmoja. Watu walikuja kwa zamu, wakapiga, wakaokota maganda yao, wakapisha wengine. Zamu ya akina Heikkala ilipofika, Urho aliweka magunia ya mchanga juu ya meza ya mbao, akaenda kutundika sahani. Urho ni fundi bomba mstaafu, mtu wa taratibu, na kazi ya kusimamia sheria ya baba yake anaifanya kwa uso wa mtu anayesimamia mazishi.

Yeye alipiga akafaulu. Kurt akapiga baada yake, haraka, bila kuonyesha kama anataka chochote, naye akafaulu. Kisha Impi akatundikiwa sahani mpya, akakaa mezani. Kabla ya risasi tatu za kuhesabiwa mtu anaruhusiwa kujaribu, kwa hiyo akatia moja ya zile nzito za baba yake, akavuta pumzi, akapiga. Vumbi liliruka chini kabisa ya ubao. Ya pili ilikwenda kushoto. Ya tatu sikuona ilikokwenda, na nadhani hakuna aliyeona.

"Darubini imelegea," alisema.

"Hebu nione." Urho aliichukua bunduki, akatugeuzia mgongo, akavuta komeo lake na kulirudisha kama anayetia risasi, akamkabidhi dada yake. "Jaribu tena. Polepole."

Impi aliegemeza shavu. Kidole kikagusa triga.

Bunduki ililia *tak*, kama mlango wa kabati. Haikuwa na kitu ndani. Lakini mtutu ulikuwa umeshazama kuelekea chini, bega limeruka nyuma, na uso mzima umekunjamana. Wote tuliokuwapo tuliona. Bega lilikuwa limekwisha kukimbia teke ambalo halikuja.

"Umenipa tupu," Impi alisema.

"Nimekupa tupu."

"Mshenzi wewe."

"Dada, umefumba macho kabla hujagusa triga."

"Sikufumba."

Kurt alikuwa akitazama kokoto miguuni pake. "Ulifumba, Shangazi," alisema. "Samahani."

Hila ile ni ya baba yao. Aliwafanyia wote wawili walipokuwa wadogo, mpaka wakajifunza kutoogopa. Impi aliwahi kunisimulia kwenye gari, akicheka, jinsi Urho alivyolia siku aliyofanyiwa. Sasa hakucheka. Alikaa, mikono juu ya magunia, akiitazama sahani yake isiyo na tundu kule mbele.

Urho alichutama karibu naye. Nilikuwa karibu vya kutosha kusikia.

"Tunaweza kusema umefaulu. Tuko sisi tu. Huyu mgeni hajui hata upande gani risasi inatokea."

"Arvo nilimwambia nini?"

Arvo alikuwa mume wa Impi. Mikono yake ilipoanza kutetemeka, ni Impi mwenyewe aliyekwenda kwenye ubao, akatazama matundu, akarudi na kumwambia mumewe kwamba mwaka huo angepika. Arvo alipika, tena vibaya, na hakumsemesha mpaka Krismasi.

"Nilimwambia mtu asiyeweza sahani atamjeruhi mnyama, na mnyama atakwenda kufia kinamasini bila faida ya mtu," Impi alisema. "Leo nibadilishe maneno kwa kuwa ni mimi?"

"Basi tukaukoroge uji."

"Sijapiga za kuhesabiwa bado. Sogea."

Alilitoa lile boksi la pili ndani ya koti, akihangaika na vifungo kwa mkono wa kushoto. Kurt alisoma ubavu wa boksi. Urho alikuwa karibu kusema kitu kuhusu peremende, maana habari za dukani zilishafika kambini kabla yetu, lakini akaona heri akohoe.

Alianza na za kujaribu. Mlio wa risasi nyepesi ulikuwa mfupi, mkavu. Bega la Impi lilisogea kidogo, likarudi. Alibaki kama mtu aliyeingiza mguu majini akitegemea baridi, asiikute. Akapiga ya pili. Akapiga ya tatu.

Urho alitazama kwa darubini ya mkononi. "Zimekaa pamoja. Unaweza kuzifunika kwa kifuniko cha kopo. Lakini ziko chini ya sahani, zote."

"Ni lazima ziwe chini. Zinatambaa hizi," alisema Impi. Alifungua vifuniko vidogo juu ya darubini ya bunduki, akachomoa kisu, akageuza skrubu kwa ncha yake. Akapiga. Akageuza tena. Kila tundu jipya lilipanda kidogo juu ya ubao, na kila lilipopanda Kurt alitaja mahali lilipo kwa sauti isiyo na furaha wala huzuni: chini bado, ukingoni, ndani. Halafu Urho akaenda kutundika sahani mpya, kwa kuwa sheria inataka sahani mpya, na Impi akapiga risasi zake tatu za kuhesabiwa macho wazi.

Zote ziliingia.

Kurt ndiye aliyepiga makofi wa kwanza. "Nyuma ya choo kuna upepo mzuri pia," alisema, na baba yake akamgonga mgongoni.

Jioni tulikula mikate ya kuokwa iliyojazwa nyama, viazi na figili, ile ambayo kila nyumba ya huku ina hakika kwamba majirani hawajui kuipika. Baada yake tukapata kahawa na mkate wa iliki. Jiko la kuni lilikuwa limewaka mpaka madirisha yakatoa jasho. Kurt alichanganya karata. Urho alikuwa mchangamfu, jambo lisilomkaa vizuri.

"Basi, mambo ni kama mwaka jana. Kila mtu kwake."

"Hapana," alisema Impi.

Kurt aliacha kuchanganya.

"Sahani iko hatua mia," Impi aliendelea. "Kule kwenye nyaya kulungu hupita wapi?"

"Nguzo ya tatu," Urho alisema. Kisha akaelewa, na uchangamfu ukamtoka.

Kutoka kile kibanda mpaka nguzo ya tatu ni umbali wa sahani mara tatu. Risasi nzito ya baba yao inafika huko na nguvu zake. Risasi yenye kichwa chepesi na baruti iliyopunguzwa hufika ikiwa imeshuka sana na kuchoka; inaweza kumpiga mnyama, lakini si kumwangusha. Wote mezani walilijua hilo tangu mchana. Sheria ya baba yao haikulijua, kwa sababu siku alipoiweka hakukuwa na mtu kambini aliyepiga risasi za namna ile.

"Umefaulu, dada. Kiti ni chako," Urho alisema. "Sheria haiulizi risasi gani."

"Kulungu ataiuliza."

"Subiri aje karibu."

"Miaka yote niliyokaa kule hajaja karibu hata mmoja. Wanapita nguzo ya tatu kama wamewekewa kivuko."

"Basi chukua na zile nzito. Moja tu, kwa ajili ya huko mbali. Moja haikuui."

"Nipige nimefumba macho? Umeniona mwenyewe leo. Ulinigeuzia mgongo ili unione." Alisema bila hasira. Alilisukuma boksi la risasi nzito mpaka mbele ya mdogo wake, ambaye bunduki yake hula risasi za aina ileile. "Hizi zako. Bega lako bado zima. Nikikaa kule na nyepesi nitawatazama wakipita kama mtu anayetazama treni. Nitakwenda kinamasini, kwenye mierezi."

"Kwenye mierezi huoni hata pua yako."

"Ndiyo. Na yeye haoni yake. Atakayetokea atatokea karibu."

Hakuna aliyewahi kuvizia kwenye mierezi ile, Urho aliniambia baadaye tulipokuwa tukileta kuni. Ni mahali pa giza, penye maji chini ya theluji, na mtu haoni mbali kuliko anavyoweza kurusha jiwe. Kulungu hujificha humo upepo ukiwa mkali. Watu huwaacha wajifiche.

Tuliporudi ndani, Kurt alikuwa bado ameshika karata zilezile.

"Shangazi, mimi sikuomba."

"Najua hukuomba. Ungeomba ningekunyima. Gawa karata, kahawa inapoa."

Akagawa, na Impi akatushinda wote watatu, akiwataja wapinzani wake kwa majina ya utotoni yaliyowaudhi.

Alfajiri ya kumi na tano niliwakuta wamevaa tayari. Urho alikuwa ametangulia, kwa kuwa kiti chake kiko mbali kuliko vyote. Uji ulikuwa wangu. Impi alinionyesha kijiko cha mbao na sufuria, akasema nisiache kukoroga na nisimsikilize mtu yeyote atakayetaka sukari zaidi. Kurt alikuwa amesimama mlangoni katika fulana ya rangi ya chungwa, bunduki begani, hajui aondoke au asubiri.

"Njoo hapa," Impi alimwambia. "Ngazi ya kibanda, usikanyage kidato cha juu, kinalia. Dirisha la kushoto usilifungue, linakwama na hutaweza kulifunga. Jua likitoka litakupiga usoni, utafikiri huoni kitu. Usisogee. Hawaji jua likiwa chini, wanakuja likishapanda kwenye waya wa kwanza."

"Waya wa kwanza."

"Jike hutangulia. Husimama katikati ya uwazi na kukutazama wewe hasa, mpaka uape kwamba amekuona. Hajakuona. Mwache apite. Dume yuko nyuma yake, hana haraka. Na ukimkosa, Kurt..."

"Ndiyo, Shangazi."

"Ukimkosa utaniambia mwenyewe. Nisisikie dukani."

Kurt aliinama kidogo, kama mtu anayetaka kusema neno refu, kisha akasema tu, "Upepo unatoka wapi asubuhi kama hii?"

Impi alitoka barazani, akavua glavu, akainua mkono mtupu gizani. Alikaa hivyo kwa muda. "Kaskazini. Mzuri kwako." Akavaa glavu. "Si mzuri kwangu. Nitazunguka."

Kurt alichukua njia ya kilimani, ile iliyokanyagwa mpaka ikawa kama mtaro, na baada ya kitambo taa yake ilionekana ikipanda kwenye miti. Impi alitia risasi nne kwenye mfuko wa kulia, akapapasa nje ya mfuko kuhakikisha, akabadilisha bunduki kutoka bega moja kwenda jingine. Kuelekea kinamasini hakukuwa na njia. Alisimama ukingoni mwa uwanja wa kambi, akachagua pengo kati ya miti miwili midogo, akainamisha kichwa ili matawi yasimpige usoni.

"Huo uji!" aliniita bila kugeuka. "Nausikia unashika chini."

Nilirudi ndani kukoroga. Nilipochungulia tena dirishani, theluji ilikuwa ikidondoka kutoka kwenye mwerezi mmoja aliougusa akipita, kisha kutoka kwenye mwingine ulio mbele yake, halafu haikudondoka tena popote.